Passo yangu ilivyochemsha Lugalo, na jinsi nilivyoiponya bila kushusha hedi ya injini

Toyota Passo yangu niliinunua hapa Dar mkononi kwa mtu, namba D, milioni 6 na laki 8, na kabla sijatoa hela nilijiona mjanja kweli. Niliangalia kadi, nikacheki deni la trafiki nikakuta faini mbili hazijalipwa, elfu 30 kila moja, nikamwambia muuzaji hizo elfu 60 zinatoka kwenye bei, akakubali. Bodi safi, tairi mbili mpya, AC inagandisha. Nikazunguka nayo mtaa mzima wa kwao, hakuna mlio. Boneti ikafunguliwa, nikachungulia, nikaona injini imeoshwa inang'aa, nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, ikafungwa. Kumbe kesi yenyewe ilikuwa humo humo, ila mi wakati huo hata kofia ya rejeta (lile sega la mbele linalopoza maji ya injini) nilikuwa siijui.

Sasa Passo hii haina mshale wa joto kwenye dashibodi. Ina taa mbili tu, ya bluu inawaka injini ikiwa ya baridi, na nyekundu inawaka ikishachemsha, hapo katikati haikwambii kitu. Yangu taa ya bluu ilikuwa inakaa sana. Nawasha Goba asubuhi, natafuta Tangi Bovu, naingia barabara ya Bagamoyo, bado bluu. Kukiwa na mvua nafika mpaka Lugalo ndo inazima. Na mi nilikuwa nafurahi! Nilikuwa namwambia kaka yangu hii gari injini yake ina afya balaa, haipati joto. Feni ya rejeta nayo ukizungusha tu swichi ya gari, vuuu, inaanza papo hapo injini ikiwa ya baridi kama maji ya mtungi. Nikajua ndo zilivyo Passo zote.

Kilichokuwa kinanitatiza ni mafuta tu. Kila mtu aliniambia injini ya silinda 3 inanusa mafuta, yangu nikipiga hesabu kwenye daftari haivuki kilomita 11 kwa lita. Nikabadilisha plagi, nikasafisha throtoli, wapi.

Miezi kama mitano hivi mambo yakaenda. Kila baada ya wiki mbili nachungulia kidumu cha maji ya akiba, kimepungua, naongeza ya bomba, bomba likikata naongeza ya kisima (msinicheke, maji ya kisima cha kwetu ukichemshia chai unasikia chumvi). Siku hiyo ikawa Ijumaa jioni, natoka kazini Mwenge, foleni imeshika kuanzia Lugalo, AC iko namba tatu, najikongoja mita kumi nasimama. Nikasikia harufu kama ya sukari inayoungua. Nikadhani ni lori la mbele. Kutupa macho kwenye dashibodi, taa nyekundu hiyo.

Hapa nikiri kosa langu, sikusimama. Nilijiambia sheli ile pale, nitaifikia, nikazima AC nikaendelea kujikokota labda mita 400 zile, gari ikaanza kuwa nzito na kugonga gonga. Ndo nikaingia pembeni nikazima. Mvuke unatoka kwenye pindo za boneti kama mtu anapika makande. Vijana wa bodaboda wakanijia watatu, mmoja ameshika chupa ya maji ya Uhai lita moja na nusu, mwingine ameshavua koti analikunja analisogeza kwenye kofia ya rejeta, "sista tulia tukufungulie ipumue." Mama mmoja muuza mahindi akapiga kelele, "We! Yule wa juzi aliungua uso hapa hapa!" Kijana akarudisha mkono. Huyo mama sikumjua jina ila nikipita hapo nanunua mahindi yake hata kama nimeshiba.

Tukasubiri karibu saa nzima. Mpaka nikaweza kushika kofia kwa mkono mtupu bila kuutoa, ndo nikafungua taratibu, nikaweka maji kidogo kidogo injini ikiwa imezimwa na imepoa. Ukimwagia maji ya baridi injini iliyochemka alumini inaweza kupasuka au kupinda, hilo nililielewa baadaye, siku hiyo nilifanya kwa uoga tu. Usiku saa tatu nikaipeleka nyumbani nikisimama mara mbili njiani.

Jumamosi nikaenda gereji moja jirani. Fundi alifungua boneti, akaangalia kama sekunde 20, akasema, "Dada, gasketi ya hedi imekata. Tunashusha hedi, tunaipeleka kuchongwa, laki 6 na nusu. Ila kwa ushauri wangu tafuta injini nyingine, hivi vinjini vya silinda 3 vikishachemsha ndo basi tena." Gasketi ya hedi ni lile shiti jembamba linaloziba kati ya injini na hedi, yaani kile kichwa chake cha juu. Nikamuuliza umejuaje imekata. Akasema uzoefu. Nikamwambia nashukuru fundi, ngoja nikajipange. Sina maana fundi yule ni tapeli, inawezekana kweli gari nyingi alizoletewa zilikuwa hivyo, ila laki 6 na nusu kwa kuangalia sekunde 20 ilinishinda.

Kaka yangu ndo akanielekeza kwa mzee mmoja Makongo, hana hata banda, ana mwembe na toolboksi. Mzee hakukimbilia spana. Alichofanya cha kwanza akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akaniita niangalie. Oili nyeusi ya kawaida. Akasema ingekuwa gasketi imepitisha maji kwenye oili ungeona rangi ya chai ya maziwa, na chini ya kifuniko cha oili ungekuta ute. Akajaza rejeta mpaka juu, akaacha wazi, akaniambia washa. Tukachungulia ile midomo ya rejeta dakika nzima. Mapovu mawili matatu ya mwanzo afu kimya. "Ingekuwa presha ya silinda inaingia kwenye maji, hapa pangekuwa panatokota bila moto." Akaangalia na moshi, hamna moshi mweupe mzito. Akasema hawezi kuapa, ila hakuna sababu ya kushusha hedi leo.

Afu akanishika mkono akauweka kwenye paipu inayoingia kwenye rejeta. Gari ilikuwa imelala pale usiku kucha, imewashwa dakika hazijafika mbili. Paipu ina uvuguvugu tayari. "Mama, hii ilitakiwa iwe baridi. Maji hayaruhusiwi kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kuna mlango unaitwa themostati unayazuia. Wewe huna mlango." Akafungua bolti mbili, kweli, ndani patupu. Walishaing'oa.

Hapo ndo taa yangu ya bluu niliyokuwa najivunia ikapata maelezo. Injini inazungusha maji yote muda wote, haipati joto, kompyuta ya gari inaona bado ni asubuhi inaendelea kumwaga petroli nyingi. Mafuta yangu yalikuwa yanaishia humo. Na feni ile iliyokuwa inanguruma kuanzia sekunde ya kwanza, walishaipiga dairekti, kuna waya wa bluu umetoka kwenye swichi moja kwa moja, rilei, ile swichi ndogo ya umeme iliyotakiwa kuiwasha na kuizima, imeachwa inaning'inia. Kwa hiyo imezunguka bila kupumzika kila dakika gari ikiwa imewashwa, kaboni za mota (vile vipande vinavyoipitishia umeme) zikaisha, Ijumaa ile ikafa pale Lugalo kwenye foleni ambako hakuna upepo wa kuisaidia rejeta. Mzee aliigonga mota na mpini wa bisibisi, ikazunguka nusu mzunguko ikasimama. Maskini.

Nikamuuliza sasa kwa nini walifanya yote hayo, gari ilikuwa na nini mwanzo? Mzee akachukua kofia ya rejeta, akaigeuza, akanionyesha mpira wa ndani. Umekauka, umepasuka upande mmoja kama kisigino. Akasema kofia ndo inashikilia presha, na maji yakiwa kwenye presha hayachemki kwenye nyuzi 100, yanafika karibu 120 ndo yachemke. Kofia ikilegea maji yanachemka mapema, yanamwagika pole pole, gari inachemsha, mwenye gari anaenda kwa fundi, fundi anang'oa themostati, tatizo linajificha, likirudi feni inapigwa dairekti, linajificha tena, gari inaoshwa injini inauzwa kwa dada mwenye milioni 6 na laki 8. Hii ya mwisho nimeongeza mwenyewe.

Basi nikaenda Gerezani kununua vitu. Kofia elfu 15, hapo angalia namba ya presha iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, uchukue ileile ya mwanzo, usikubali kuambiwa zote sawa. Themostati nikauziwa kopi kwa elfu 12, nikaona nimepata dili. Nilipompigia mzee kumwambia bei akacheka, akasema kabla hujaniletea kaichemshe kwanza.

Nikaichemsha kweli. Nimerudi nyumbani, nikachukua sufuria, nikaining'iniza themostati kwa uzi kutoka kwenye mwiko ili isiguse chini, nikawasha gesi. Mama mdogo wangu anakaa na mimi, akaingia jikoni akasimama. "We mtoto unapika nini?" Nikamwambia mlango wa gari mama. Akaangalia ndani ya sufuria, akaniangalia mimi, akatoka kimya. Maji yakaanza kutoa mapovu, yakatokota kabisa, kile kitu kimefunga kama kobe. Nikakiacha dakika tano, kikafunguka upenyo wa kuingiza ukucha. Imeandikwa 82, yaani nyuzi 82, maana yake ilitakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajaanza kutokota. Ningeifunga hiyo ningeiua injini mwenyewe kwa mikono yangu, tena bora hata kutokuwa nayo kabisa.

Kuirudisha haikuwezekana, "tumeshauziana dada." Nikanunua nyingine duka tofauti elfu 35, na safari hii nilichemsha tena (mama mdogo sasa akavuta kabisa kigoda), ikawa inafunguka taratibu maji yakiwa bado hayajatokota, wazi kabisa, nikiitoa inajifunga. Hata yeye akapiga makofi.

Feni nilipata used Shaurimoyo kwa elfu 55, fundi umeme akachukua elfu 20 kutoa ule waya na kurudisha rilei ili feni iwake kwa sensa, injini ikipata joto ndo iwake, ikipoa izime. Mzee akagundua paipu ya chini imevimba, elfu 18. Kulant (maji maalum ya rejeta) ya lita 5 ile iliyochanganywa tayari elfu 35, na mzee mwenyewe elfu 40. Jumla na ile kopi niliyoitupa ni laki 2 na elfu 30.

Kusafisha ndo kulichukua muda. Maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala, yana chenga. Tukajaza maji safi, tukawasha, tukamwaga, mara nne mpaka yakatoka meupe, ndo kulant ikaingia. Afu kutoa hewa. Hii watu wengi wanairuka na gari inachemsha tena kesho yake wanasema spea feki. Kofia wazi, gari imewashwa, hita mpaka mwisho ili maji yapite na kule, mzee anabonya bonya paipu, hewa inatoka blup, tunaongeza. Fikiria mchana wa Dar, mwezi wa kwanza, mi nimekaa ndani ya Passo hita imewashwa mwisho nimeambiwa nisitoke mpaka niseme inatoa moto sawasawa. Nilishuka nimelowa kama nimetoka baharini. Tukasubiri mpaka feni ikawaka yenyewe, ikazima, ikawaka tena. Mzee ndo akafunga kofia.

Kuna kitu kimoja nilinunua hela ikapotea, kile kidude cha OBD cha Bluetooth cha kuonyesha joto la injini kwenye simu. Kwenye gari yangu kiligoma kabisa kuunganisha, gari nyingi za zamani za soko la Japani hazikubaliani navyo, kwa hiyo omba ujaribishe kwanza dukani gari ikiwa pale.

Asubuhi zote za mwezi ule wa kwanza baada ya matengenezo nilikuwa nabonya paipu kwanza, ndo nafungua kofia gari ikiwa ya baridi naangalia kiwango, maana mzee aliniambia paipu ikikutwa ngumu asubuhi kabla ya kuwasha basi presha ya silinda inavuja na ile kesi ya gasketi irudi mezani. Imekuwa laini kila siku. Sasa hivi naangalia Jumapili tu. Taa ya bluu inazima kabla sijafika lami, na mafuta kwenye daftari yamefika kilomita 16 kwa lita nisipowasha AC sana.

Sufuria mama mdogo amekataa kuipikia tena, anasema ina harufu ya gari. Nimemnunulia nyingine, ile nimeiweka kwenye buti na dumu la maji na themostati ya kopi ndani yake.