Doa la brauni ukutani, kabla hujaja dukani kuulizia rangi

Mimi nauza rangi. Duka letu la hadiwea liko huku Mwanga, Kigoma mjini, na kila mwaka mvua zikishakata, mwezi wa tano kwenda wa sita, kuna wateja wa aina moja wanaanza kuingia, huyu kaja na kipande cha plasta kakifunga kwenye gazeti, yule ana picha kwenye simu kaipiga usiku kwa flashi, wote ni doa la brauni ukutani au kwenye siling bodi na swali ni lilelile, fundi kasema kuna rangi inaziba hii, mnayo? Tunayo ndio, rangi zipo za kila aina na nyingine bei yake utakaa chini kwanza, ila haitaziba. Utapaka sasa hivi kiangazi kinaanza, nyumba itapendeza Julai, Agosti, Septemba, wageni watasifia, halafu Novemba mvua zikichanganya doa linatoka palepale lilipokuwa na safari hii linabandua na rangi mpya. Mwenzangu tunayeuza naye hapendi kabisa nikiongea hivi mbele ya wateja, hahaha, ndo maana nimeamua niyaandike huku.

Tuanze na hii rangi yake maana ndo inayowachanganya watu. Mtu anaingia mtandaoni anakuta kuna fangasi nyeusi inaua, basi anaanza kuuliza na hii ya kahawia je, ni kali zaidi au afadhali. Hakuna fangasi mmoja anaitwa wa kahawia. Wapo kibao wanaotoa rangi hiyo, Cladosporium, Alternaria, Aureobasidium na wengine, na fangasi huyohuyo anaweza kuanza mweupe kama unga, akaja akawa kijani chafu, akaishia brauni au mweusi kutegemea umri wake na anakula nini, maana kwenye mbao anakula mbao, kwenye jipsam anakula ile karatasi ya juu, kwenye ukuta wa saruji anakula vumbi na uchafu ulioganda juu ya rangi. Kwa macho humjui, hata mtaalamu anahitaji darubini. Na ukishamjua jina, halafu? Kazi ya kufanya ni ileile. Kwahiyo usipoteze hela wala usingizi kwenye rangi ya doa, angalia doa liko wapi, limekaaje, na maji yanatoka wapi. Fangasi bila unyevu haishi, hiyo ndo habari yote, mengine ni maelezo tu.

Ila kabla hujaita fangasi hakikisha ni fangasi kweli. Huku kwetu mchwa wanadanganya watu sana, ile njia yao ya udongo inapanda ukutani nyuma ya kabati mpaka kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, mtu akiiona gizani anasema ukungu, we chukua kijiti uichokonoe, ikipasuka ndani ikawa kamfereji na wadudu weupe wanakimbia hiyo ni kesi nyingine kabisa na dawa yake ni nyingine. Kuna moshi wa jiko la mkaa, huo unatanda sawasawa bila mabaka na ukifuta kwa kitambaa chenye sabuni unatoka. Kuna kutu ya misumari, vidoa vya duara vimejipanga mstari kufuata papi, zile mbao nyembamba za kupigilia. Kuna chai ya mbao, yaani bati likivuja juu ya mbao maji yanashuka na rangi yake yanachora ramani kwenye siling, hilo doa lenyewe sio fangasi ila linakwambia fangasi yuko njiani maana maji yameshafika. Na udongo wetu huu mwekundu mvua ikipiga unarukia ukuta wa nje huko chini, watu wanaogopa bure.

Ukiwa bado na wasiwasi chovya ncha ya kitambaa kwenye jiki, gusa hilo doa, subiri dakika moja mbili. Likififia pale ulipogusa, kuna uwezekano mkubwa ni fangasi, lisipobadilika ni uchafu au kitu kingine. Pua nayo inasaidia, fangasi ina ule uvundo, ukifungua kabati nguo zinanuka kama zimeanikwa usiku, hata kama hujaona doa lolote ujue kuna mahali limejificha.

Sasa maji. Kigoma maji yanaingia kwenye nyumba kwa njia tatu na kila moja inaandika ukutani kivyake.

Ya kwanza inatoka chini. Kuna mama mmoja wa Ujiji mteja wetu wa siku nyingi, alikuja akitaka kopo la lita nne rangi ya krimu, ile ya mafuta, na dukani nikamwona kama amechoka na hilo jambo, nikamwambia shikamoo mama, krimu tena? Akasema marahaba mwanangu, tena, huo ukuta unanila. Nyumba yenyewe iko njiani kwangu nikapita jioni. Chumba cha kulala, tukavuta kabati yeye na mjukuu wake na mimi, nyuma yake kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno kuna mkanda wa brauni umeenda sawa kabisa kama umepigwa kwa kamba, rangi imetutumka ina malengelenge, ukibonyeza linapasuka linatoa unga. Juu kidogo ya ule mkanda kuna unga mweupe unang'aa, ule ni chumvi ya ukutani, ukiudondoshea maji unayeyuka, sio fangasi. Unyevu unapanda kutoka ardhini ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, ukifika juu maji yanakauka yanaacha chumvi, na chini huko kwenye unyevu wa kudumu, nyuma ya kabati hewa haipiti, ndo fangasi anajenga.

Tukatoka nje. Ukuta huohuo kwa nje kuna bafu la kuogea na maji yake yanatiririkia kwenye msingi, halafu miaka yote ya kufagia uwanja udongo umesogea umeegemea ukuta, umepita juu ya msingi kabisa. Nyumba ya zamani tofali mbichi, haina ile nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, na juu yake alikuja fundi akapiga plasta ya saruji nzito ndani na nje ili ionekane ya kisasa. Plasta ya saruji juu ya tofali za udongo mimi siipendi hata kidogo, ukuta wa udongo unapumua, ukiubana kwa saruji halafu rangi ya mafuta juu yake maji hayana pa kutokea basi yanapanda juu zaidi. Ndo maana kila akipaka mkanda unaongezeka urefu.

Hakununua rangi siku ile. Vijana wakaondoa udongo mpaka msingi ukaonekana, maji ya bafu wakayachimbia mfereji yaende mbali, plasta iliyooza wakaibandua, na kabati likahamia ukuta wa ndani. Kiangazi chote ukuta ukabaki wazi unakauka, haupendezi, majirani wanauliza vipi mama nyumba inabomolewa? Muache ukauke. Ukitaka kujua kama umekauka chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote, kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji bado yanatoka ndani ya ukuta, ukikuta matone upande wa chumbani basi unyevu ni wa hewa ya humo ndani, na kikiwa kikavu pande zote ndo uongee habari za rangi.

Kwa wenzetu wa Kibirizi na wengine wa karibu na ziwa hii ni ngumu zaidi, tangu ziwa lilivyopanda baada ya zile mvua za 2019 na 2020 na likapanda tena 2024, na Katubuka nako maji yanakotuama, hapo mfereji wa jembe hautoshi na sitaki kukudanganya, ukuta uliosimama kwenye maji miezi huwezi kuukausha kwa dirisha.

Njia ya pili ni juu, na hii nyepesi kuijua. Doa liko kwenye siling au linashuka kutoka pembeni, lina duara lenye ukingo mweusi zaidi, na linakua kila mvua. Panda darini mchana, zima taa, ukiona nyota ujue ni tundu la msumari. Mara nyingi sio bati ni ile raba ya msumari imekufa, au kofia ya bati imefunguka. Huko juu chukua bisibisi uchome mbao, ikizama kirahisi imeoza, na ukikuta mbao imekuwa brauni imepasukapasuka vipande vya mraba hiyo ni fangasi inayokula mbao yenyewe, hapo usisafishe, ita fundi abadilishe kabla kenchi haijaporomoka.

Ya tatu ndo inanikera zaidi kwa sababu tumejitakia. Nyumba za zamani zote zilikuwa na matundu ya hewa juu ya dirisha, yale yenye wavu. Siku hizi mtu anajenga Gungu au Buzebazeba nyumba kali, madirisha ya aluminiamu, jipsam, kuta zimepigwa skimu zinateleza, tundu hata moja hamna kwa sababu yanaharibu mwonekano na mbu wanaingia. Usiku watu watano wanapumua humo, asubuhi mtu anachemsha maharage, mvua ikinyesha siku tatu nguo zinaanikwa sebuleni, dirisha limefungwa kwa baridi, ule mvuke unaenda wapi? Unaenda kuganda kwenye ukuta wa baridi, pembe za juu za chumba, nyuma ya kitanda, nyuma ya makochi, ndo unaona vidoavidoa vya brauni vimetawanyika bila mstari. Hapo dawa ni hewa. Fungua madirisha pande mbili ili upepo upite, sogeza makabati ukuta uwe na nafasi ya kiganja, nguo anika barazani, na kama unajenga sasa hivi mwambie fundi aweke matundu, mbu wekea wavu.

Kusafisha sasa, na ujue kusafisha kabla ya kukata maji ni kujichosha. Kipande kidogo, tuseme kisichozidi mita moja kwa mita moja, unaweza mwenyewe. Toa watoto na mwenye pumu, fungua madirisha, vaa barakoa na glovu. Usisugue pakavu! Watu wanachukua brashi ya chuma wanakwangua vumbi linaruka nyumba nzima, ile vumbi ndo mbegu zenyewe. Lowesha kwanza, sugua kwa sabuni ya unga na maji na brashi ya kufulia, futa, kausha siku hiyohiyo. Jiki wengi wanaipenda, sawa, kwenye vigae na ukuta uliopakwa rangi ya mafuta inafanya kazi, kikombe kimoja kwenye maji lita nne inatosha, usiimimine bila maji. Ila kwenye mbao na plasta isiyo na rangi haizami, inang'arisha juu fangasi amebaki ndani. Na usije ukaichanganya na ile asidi ya kusafishia choo, wala siki, wala dawa yoyote yenye amonia, inatoa gesi ya sumu na bafu zetu hizi ndogo utaanguka humohumo. Jipsam iliyolowa ikaota kata utupe. Godoro la sponji lililoota ukungu, najua bei ya godoro jamani, lakini limeshaisha hilo, jua linalikausha juu tu.

Afya: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake 2009, wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wanapata zaidi matatizo ya kifua na pumu inawazidi. Chafya, macho kuwasha, kukohoa usiku halafu ukisafiri unapona, hizo ndo dalili za kuishuku nyumba. Lakini kikohozi kikipita wiki mbili nenda hospitali ukapime TB, usikae unaulaumu ukuta.

Na nyie wapangaji. Nilipanga zamani nyumba moja iliyopakwa rangi wiki ileile ya kuhamia, inanukia upya, mvua ya kwanza pembe zote zikatoka madoa na baba mwenye nyumba akasema ni mimi sifungui madirisha. Kwahiyo siku hizi ndugu zangu wakitafuta chumba nawaambia nenda ukakiangalie mvua inanyesha au imetoka kunyesha, sio kiangazi. Fungua makabati ya ukutani uingize kichwa unuse. Pitisha kiganja ukuta wa chini, ukisikia vimalengelenge chini ya rangi uliza hapa pana nini, na chumba kikiwa na rangi mpya ukuta mmoja tu, huo ndo ukauangalie vizuri, kwa ndani na kwa nje, ndo uongelee kodi ya miezi sita. Ukikubali kuingia hivyohivyo piga picha za kila ukuta siku unapokabidhiwa funguo, umtumie WhatsApp muda huohuo.