Siku moja na vihisi vya mwani, Micheweni, Pemba

Saa kumi na mbili asubuhi naondoka Wete na gari ya mwanzo. Ni bamvua, maji yatakupwa mnamo saa nne, na kinamama wa mwani hawamngojei fundi.

Saa mbili nipo kwenye getiwei, yaani kituo kinachopokea vipimo vya vihisi kwa redio, nafuta chumvi kwenye paneli ya jua.

Saa nne tumo majini, kwenye kamba na vigingi. Kihisi joto kimezama; antena yake ipo juu ya boya, kwani mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi. Mama mmoja anatazama joto la maji kwenye simu yake. "Mwanangu, hichi kidude kinajuaje kama nauliza?"

Hakijui, mama. Kimelala. Kila baada ya muda huamka, kikapima, kikatuma baiti chache, kikalala tena. Jibu ulilopata limetoka getiwei, inayoweka kipimo cha mwisho na kumpa kila anayeuliza. Ndivyo inavyofanya itifaki ya MQTT, utaratibu wa vifaa kupashana ujumbe, iliyobuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setilaiti. Kila simu ingekuwa inakiamsha kihisi, betri isingedumu.

Ila kipimo kilichowekwa nacho huchacha. Hapa ndipo ninapotumia akili yangu nyingi. Siku za maji mafu, joto la saa mbili zilizopita linafaa. Bamvua, jua likipiga maji haba, linapanda upesi, na mwani wa aina ya kotonii hauvumilii maji ya moto. Aina ya spinosamu ndiyo ngumu kidogo. Kwa hiyo nimefupisha uhai wa kipimo kufuata jedwali la maji kujaa na kupwa. Sijaona mpangilio wa kiwandani unaolijali hilo.

Saa saba, sala, kisha wali na samaki.

Saa tisa naanza kusambaza programu mpya. Kwa LoRaWAN, mtandao wa redio wa vihisi unaofika mbali kwa umeme kidogo, wa masafa ya megahezi 868, kwenye mwendo wa chini kabisa, ujumbe mmoja unabeba baiti 51 tu. Kumpelekea kila kihisi nakala yake ni kuliziba anga bure. Natangaza vipande mara moja kwa vyote, pamoja na vipande vya ziada ambavyo kihisi huvitumia kuunda upya vilivyopotea.

Saa moja usiku, nimesharudi Wete, ripoti zinaingia. Vihisi vya upande wa mikoko bado vina mapengo. Navitangazia vipande vingine vya ziada. Vikishindwa, kesho narudi kuvipakia programu kwa waya.