Kazi 88 za Punje Moja

Mwaka 2001 nilikuwa darasa la sita, naishi kwa Bibi mzaa baba huko Old Moshi. Ni mwaka ambao kahawa ilianguka bei mpaka wazee wakaacha kuizungumzia. Namkumbuka Bibi akirudi kutoka chama cha msingi, akafungua fundo la kanga mezani, akazihesabu noti mara mbili, akalifunga tena. Hela ile ilitosha mafuta ya taa, sukari na madaftari yangu mawili. Hakulalamika. Aliingia jikoni akakoleza moto.

Aliyesema ni baba mdogo. "Mama, tung'oe. Wenzetu wamepanda nyanya, wanakula."

"Baba yako ndiye aliyeipanda," Bibi akamjibu, na mazungumzo yakaishia hapo kwa siku hiyo.

Kwa asiyekijua kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, niseme kidogo. Juu ni migomba, chini ya kivuli chake kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage, vyote vimezungushiwa ua wa masale. Ng'ombe wetu wawili hawakuwahi kuchungwa. Walikatiwa majani wakaletewa zizini, na samadi yao ikarudi kwenye migomba. Maji yalikuja kwa mfongo, yaani mfereji, kwa zamu, na zamu ikiangukia usiku wa manane unaamka usiku wa manane. Babu mwenyewe amelala humo humo, hatua chache kutoka shina la kwanza la kahawa alilopanda. Kwa hiyo baba mdogo aliposema "tung'oe", Bibi alisikia na mengine ambayo mwanawe hakuyasema.

Na Bibi alikuwa mkali wa asante. Ukipewa kikombe cha maji, sema aika, ndiyo asante ya Kichaga. Ukimaliza kula, mtazame aliyepika ndipo umshukuru, usiseme huku umeshampa mgongo unaelekea mlangoni. Mtu akitoka kukata majani, mzigo ungali kichwani, hapitwi bila kuambiwa pole na kazi. Mjukuu aliyesahau alijipakulia mwenyewe mlo uliofuata, tena wa mwisho. Sote tulishukuru, basi, lakini mimi nilishukuru kama mtu anavyokohoa. Ilinitoka tu.

Oktoba hiyo shangazi yangu, aliyekuwa akifundisha sekondari, akatuma salamu kwamba Jumamosi atakuja na mwenzake: dada wa Kijapani aliyekuja kujitolea, anafundisha hesabu. Bibi aliuliza swali moja tu: "Anakula nini?"

"Wali. Kwao ni wakulima wa mpunga."

Kwetu wali ulikuwa chakula cha Krismasi. Hata hivyo Ijumaa nilitumwa Kiborloni kununua kilo mbili, na Bibi akasisitiza uwe mchele wa Mabogini, wa tambarare yetu. Nilirudi nimeubeba kichwani, nauona mlima mbele yangu na kilele cha Kibo kimefunikwa na wingu. Sikujua wakati ule kwamba skimu ya umwagiliaji ya kule Moshi chini ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na kwamba sehemu ya mpunga ule hunywa maji ya Mto Rau, unaoshuka kutoka mlima huu huu. Nilijua shingo inauma.

Jumamosi Bibi aliamka saa kumi alfajiri. Alipaka mikono mafuta ili utomvu usimshike, akamenya ndizi mshare moja moja, akizitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi. Nyama ya mbavu ilikwishaanza kuchemka. Ndizi zilipoiva aliipakata sufuria kati ya miguu yake, akaziponda kwa mwiko, taratibu, akiongeza supu kidogo kidogo, mpaka mwiko ukapita pote bila kugonga donge. Kijiko kimoja cha siagi ya nyumbani, akafunika. Mtori wa Bibi haukuwa na haraka. Wali aliupika baadaye, kwa wasiwasi, maana alijua anampikia mwenye chakula chake.

Mgeni alifika saa sita. Kijana, mwembamba, viatu vimejaa vumbi. Alipiga goti akasema shikamoo kwa lafudhi iliyonyooka. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwao kabla ya kuja. Bibi akaitikia marahaba, akamshika mikono yote miwili, akamchunguza uso. Jioni ya siku hiyo alikuwa ameshampa jina, Manka, na sisi watoto tukamwita hivyo mpaka alipoondoka Tanzania.

Chakula kikatengwa. Manka akakutanisha viganja mbele ya kifua, akainamisha kichwa, akasema, "Itadakimasu." Bibi akafumba macho mara moja akisubiri amina. Amina haikuja.

"Siyo sala, Bibi," Manka akasema. "Maana yake ni 'napokea'. Napokea nikiwa nimejishusha. Kwako uliyepika, kwa aliyelima, na kwa ng'ombe huyu aliyetoa uhai."

Bibi akafumbua macho. "Hata ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

Bibi alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Yeye, ambaye alimwaga tone la mbege, pombe yetu ya ndizi, chini kabla ya kunywa, na Jumapili akakaa benchi la mbele kanisani, hakuhitaji maelezo zaidi.

Tulipokuwa tukila baba mdogo akapita uani na mzigo wa majani, na wote kwa pamoja tukaita, "Pole na kazi!" Manka akaweka kijiko chini. Akauliza tumesema nini, kwa nini tunampa pole mtu ambaye hajafiwa wala hajaumia. Shangazi akamweleza. Uso wake ukachangamka kama aliyekutana na ndugu stendi. Kumbe kwao lipo neno hilo: otsukaresama. Ndani yake mna uchovu, na wafanyakazi huambiana jioni wakiagana. Alisema amekuwa akiliwazia tangu alipofika nchini, kila akitoka darasani anataka kuwaambia walimu wenzake, hajui aseme nini kwa Kiswahili. Akatoka mpaka uani akamwambia baba mdogo, polepole, "Pole na kazi." Baba mdogo akatua mzigo ndipo akajibu.

Sahani yangu ilikuwa imebaki na wali umetapakaa pembeni, kama kawaida ya watoto. Ya kwake ilikuwa tupu, haina punje hata moja. Aliona natazama. Akaniita kwenye mafiga, akasawazisha jivu kwa kiganja, akaandika kwa kidole: vijiti viwili juu, msalaba katikati, vijiti viwili chini. "Hii ni alama ya mchele," akasema. Kisha akaitenganisha. Vijiti vya juu, ukivigeuza, ni nane. Msalaba ni kumi. Vya chini ni nane tena. Nane, kumi, nane: 88. Wazee wao husema mkulima hufanya kazi 88 kabla punje haijafika bakulini, na alipokuwa mdogo bibi yake hakumruhusu kuinuka ikiwa imebaki hata moja.

Nilirudi kwenye sahani. Zilikuwa punje kumi na moja. Nilizihesabu nikizila.

Mwisho wa chakula alikuwa na neno jingine, gochisousama. Alisema katika maandishi yao neno hilo limebeba kukimbia huku na kule, kwa sababu zamani mwenye nyumba alikimbia kweli kutafuta cha kumpa mgeni. "Kukimbia nimekimbia," Bibi akasema, na nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya chama cha msingi.

Ndipo Manka alipoiona kahawa. Ilikuwa imeanikwa kwenye kichanja cha wavu, imebaki siku mbili tatu ikauke. Akasimama pale akiigusa kwa ncha za vidole. Akauliza, "Hii ndiyo Kilimanjaro?"

Hatukumwelewa. Mlima ulikuwa nyuma yake.

Akatusimulia. Baba yake analima mpunga mkoa wa Niigata, upande wa Japani unaoshukiwa na theluji nyingi. Majira ya baridi mashamba yote hulala chini ya theluji na mkulima hana cha kufanya, basi baba yake huenda mjini na wenzake kwenye mgahawa mdogo wa kahawa, na kila siku huagiza kitu kimoja, Kirimanjaro. Hivyo ndivyo wanavyoitamka. Kwao kahawa ya huku huuzwa kwa jina la mlima, na yeye alilijua jina hilo kama harufu ya koti la baba yake miaka mingi kabla hajaambiwa shuleni kwamba ni mlima, ulio juu zaidi Afrika, wa mita 5,895, unaouzidi Fuji wao kwa zaidi ya mita 2,000.

Baba mdogo akauliza kikombe kimoja ni bei gani. Manka akamwambia, na shangazi akabadilisha kwa shilingi. Kikombe kimoja kilizidi kilo nzima ya kahawa ya Bibi. Baba mdogo hakusema kitu. Alichukua panga akaelekea migombani, na hakuwa na la kukata huko. Nimekua, nimesoma kidogo habari za masoko, na bado sijapata jibu la kumpa kuhusu siku ile. Asante haikuziba pengo lile la bei, na sitaki mtu adhani nasema iliziba.

Lakini kilichofuata nilikiona kwa macho yangu. Manka alimgeukia Bibi, akakutanisha viganja, akainama mpaka nywele zikamfunika uso. "Bibi, gochisousama. Kwa niaba ya baba yangu."

Bibi alikaa kimya. Akatafuta pindo la kanga.

"Nimeolewa mwaka 1954," akasema baadaye. "Tangu hapo nauza kahawa. Hajawahi kuja mtu akaniambia ameinywa."

Sisi wenyewe hatukuwa tukiinywa. Nyumbani ilikuwa chai ya maziwa, asubuhi na jioni. Kahawa ilikuwa ada ya shule na mabati. Manka akaomba tuonje. Tukatwanga kidogo kinuni kutoa maganda, Bibi akapepeta kwa ungo, tukakaanga kwenye sufuria kuukuu. Punje zilitoka kijivu zikawa manjano, zikawa hudhurungi, kisha zikaanza kupasuka-pasuka, ta, ta, ta, na moshi wenye harufu ambayo sijawahi kuisahau ukajaa jikoni. Tukatwanga tena, tukachuja kwa chujio la chai. Bibi alionja, akakunja uso, akaongeza maziwa mengi na sukari, akanywa mpaka chini. Akauliza kama baba yake Manka naye huweka maziwa. Hapana, hunywa nyeusi. "Pole yake," Bibi akasema, kwa huruma kabisa.

Usiku, wageni walipokwishaondoka, aliniita. "Lete daftari. Wale wa mpunga wana 88. Hebu na sisi tuhesabu."

Tukakaa na koroboi kati yetu, yeye anataja, mimi naandika. Kuotesha mbegu kitaluni. Kuchimba shimo, na kuliacha wazi lipigwe na jua. Kujaza samadi. Kuweka kivuli. Kupogolea, kuondoa maotea, kupiga dawa ya mrututu mvua zikianza ili ugonjwa wa chulebuni usishike. Kuamka usiku kufungulia mfongo. Kwenye kuchuma alinisimamisha, akasema niandike mara tatu, kwa sababu kahawa haiivi siku moja. Unalirudia shina lile lile. Kumenya, kuvundika, kuosha utelezi uishe, kuanika, kugeuza, kukimbia kuianua wingu likitanda. Kuchambua zilizovunjika. Kubeba kichwani hadi chama cha msingi. Alipofika hapo nyuso mbili tatu zilimjia, za watu waliofanya kazi hizo naye, akawa anawataja mmoja mmoja pamoja na Babu, na kalamu yangu ikasubiri. Tulifika 34. Mafuta ya taa yakaisha.

Mwaka uliofuata baba mdogo aling'oa nusu ya chini akapanda nyanya. Bibi alikubali. Ya juu, upande alikolala Babu, ingalipo. Daftari ninalo, jalada limeliwa na mende, ila ukurasa ule unasomeka.

Asubuhi baada ya kuhesabu, nilikuwa uani napiga mswaki, Bibi akapita na ndoo akienda kukamua. Akasimama.

"Jana tumesahau moja. Kuokota zilizoanguka chini ya mashina."

Hiyo ilikuwa kazi yangu tangu nina miaka sita. Watu wazima hawawezi kuinama vile kutwa nzima.

"Iandike, mama. Ya 35." Akahamishia ndoo mkono wa pili, akanitazama usoni. "Aika, mama."

Akaendelea na safari yake ya zizini.