Maranda yamenipa mafuta, ila si ya kutia kwenye injini

Kila anayesikia kwamba nimetoa mafuta kwenye maranda huuliza kwanza, "Yanaendesha gari?" Hayaendeshi. Nimeua injini nzima ndipo nikalijua hilo, na ushauri ulionifikisha huko bado unazunguka mitaani.

Huku Mafinga kila kiwanda cha mbao kina kilima chake cha maranda. Misindano inatoka shamba la miti la Sao Hill, inapasuliwa, mbao zinapakiwa kwenda Dar, maranda yanabaki yakifuka moshi usiku na mchana. Iliniuma sana. Nikasoma kwamba ukiyapasha joto la nyuzi 400 hadi 500 bila kuyapa hewa hayawaki, bali yanavunjika: mkaa unabaki, na mvuke unaotoka ukipozwa sehemu yake inakuwa kimiminika. Wataalamu wanaita pairolisisi.

Nilichukua pipa la lita 200 lenye mfuniko wa kubana, bomba likatoka juu, likapita ndani ya pipa jingine la maji, mwishoni ndoo. Fundi wa kuchomelea alimaliza kwa siku mbili. Pamoja na vyuma sidhani kama laki nne ilifika.

Mara ya kwanza nilishindilia maranda kwa mguu ili yaingie mengi, nikachochea kuni saa tano mfululizo. Ndoo ilipata vikombe viwili vya maji yanayonuka moshi. Kesho yake nikafungua. Pembeni kulikuwa na mkaa wa unene wa kiganja, lakini nilipokwangua, ndani maranda yalikuwa ya njano vilevile, yananukia msindano kana kwamba yametoka kwenye msumeno asubuhi ile. Nikaambiwa niongeze kuni. Nikaongeza mpaka kitako cha pipa kikawa chekundu na kuanza kuvimba. Katikati bado mabichi.

Aliyenitoa hapo ni mama mkubwa, ambaye hajawahi kusikia neno pairolisisi. Alilitazama pipa akasema, "Mwanangu, jiko la maranda unalijua tangu mdogo. Tundu lako liko wapi?" Nikanyamaza. Kila siku alikuwa anasimamisha chupa katikati ya kopo, anashindilia maranda kuizunguka, anaichomoa, kisha moto unapita kwenye tundu. Bila tundu jiko haliwaki, kwa sababu maranda yaliyoshindiliwa hayapitishi joto. Wiki ile ile fundi akanipitishia bomba la inchi nne kutoka kitako cha pipa hadi mfunikoni, moto ukapanda katikati.

Siku hiyo niliweka kilo kama 35. Kwanza ulitoka mvuke mweupe, karibu wote maji. Baadaye moshi ukawa wa njano, mzito, na ndoo ikaanza kudondokewa na kitu chenye rangi ya chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Jioni zilikuwa karibu lita kumi! Gesi iliyokataa kupoa niliirudisha chini ya pipa kwa bomba jembamba, ikawaka yenyewe, na kuanzia hapo kuni karibu sikuzigusa. Usiiwashe kabla mvuke haujafukuza hewa yote ndani ya pipa, italipuka. Kazi yote ifanyike nje, gesi hiyo ina sumu. Na pipa lisifunguliwe hadi lipoe kabisa. Kijana wangu alifungua mapema, mkaa wote ukashika moto mbele ya macho yetu.

Maranda yakauke. Mimi nayaanika juani kwenye turubai siku tatu, mpaka ukiyafinya kiganjani hayashikani.

Ukiiacha ndoo itulie, kimiminika kinajitenga. Juu ni maji mekundu, makali kama siki, na yana methanoli, kwa hiyo mtu asiyaonje. Chini inatuama lami nyeusi, kwangu lita mbili na ushee. Hiyo ndiyo ya kuchoma.

Sasa injini. Fundi mmoja aliniambia, "Changanya nusu kwa nusu na dizeli, itakunywa tu." Nilitikisa kwenye chupa, baada ya muda dizeli ikapanda juu, lami ikabaki chini. Ningekomea hapo. Akasema nichuje kwa kitambaa, nikachuja, nikatia kwenye injini ya silinda moja ya mashine ya kukoboa. Ilinguruma dakika chache, ikazima. Nozeli tuliikuta imeziba kwa gundi nyeusi, na pampu ikaliwa na kutu, kwa sababu mafuta haya yana asidi na maji. Hata Finland, kiwanda cha mafuta kama haya kwenye mji wa Joensuu, kilichoanza 2013, kilijengwa kutengeneza mafuta ya kuchoma kwenye mitambo ya joto badala ya mafuta mazito yatokanayo na mafuta ghafi.

Kwangu yanaingia kwenye tanuru la matofali la jirani. Tunawasha kuni hadi ndani pawe pekundu, kisha lami inadondoka kidogo kidogo juu ya bamba la chuma huku feni ikipuliza. Pakiwa pa baridi haishiki moto, usihangaike. Mkaa uliobaki nausaga, nauchanganya na uji wa muhogo, nauza kama mkaa mbadala, na huo ndio uliorudisha pesa ya pipa.

Kinachonisumbua ni kiwiko cha bomba, asidi imeshakitoboa mara mbili. Mwenye kipande cha bomba la stenlesi la inchi mbili, mita tatu tu, popote kati ya Iringa na Makambako, nitakifuata mwenyewe.