Nilivyoitambua nyota yenye metali haba nikiwa Kigoma

Kila niliyemweleza nia yangu ya kuchunguza nyota za kale alinijibu kwamba bila darubini ya mamilioni nisijisumbue. Ushauri huo ulinichelewesha karibu mwaka mzima na bado unaniudhi, kwa kuwa spektra za nyota hizo, yaani vipimo vya mwanga wake uliotawanywa rangi kwa rangi, zinapatikana bure mtandaoni, na bando nililotumia lilikuwa la elfu ishirini hivi.

Wanaastronomia huita metali kila elementi iliyo nzito kuliko heli. Metali hizo zilipikwa ndani ya nyota zilizotangulia, kwa hiyo nyota yenye metali haba kwa kawaida ilizaliwa mapema sana. Dalili inayotazamwa kwanza ni mstari K wa kalisi, pengo la giza ambalo kalisi huacha kwenye spektra, kwenye nanomita 393.4; ukiwa hafifu, pana matumaini.

Matumaini hayo ndiyo yaliyonipoteza. Katika hazina ya Sloan Digital Sky Survey, mradi wa kupima anga, nilikuta nyota ambayo mstari wake wa K ulikaribia kutoweka, nikakesha siku tatu nikiupima na kuupima tena, umeme ukikatika naendelea kwa betri, nikiamini kwamba nimepata nyota ya kale kupindukia. Siku ya nne ndipo nilipoitazama mistari ya hidrojeni, ambayo sikuwa nimeijali, nikaiona mipana ajabu, dalili ya joto kali. Nyota ile ilikuwa ya moto tu. Joto linapofika kelvini 9,000 hivi, kalisi nyingi hupoteza elektroni ya pili, na mstari K hufifia hata kama kalisi yenyewe ipo tele.

Tangu siku hiyo naanza na joto. Nilichagua nyota HD 140283, ambayo wanaastronomia Joseph Chamberlain na Lawrence Aller waliionyesha kuwa na metali haba mwaka 1951. Joto la uso wake ni karibu kelvini 5,800, kama la Jua, lakini chuma chake ni takriban sehemu moja kwa 250 ya kile cha Jua. Nilipeleka spektra mbili, yake na ya Jua, steshenari zikachapishwa kwa kipimo kimoja, kisha nikazipandanisha kwenye kioo cha dirisha asubuhi, jua likipenya karatasi. Mistari ya hidrojeni ilikaribiana; mstari K wa Jua ulikuwa bonde, wa HD 140283 ufa mwembamba. Nilisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi.

Kuiona kwa macho kulihitaji darubini ndogo ya macho mawili, ya kuazima. Usiku usio na mwezi ndio wavuvi wa dagaa wanapojaza ziwa taa, hivyo nilitandika mkeka uani, ukuta ukiziba upande wa ziwa. Mwezi Juni kundi la nyota la Mizani hupita karibu na utosi. Kutoka Zubeneschamali, nyota angavu ya kundi hilo, nilisogea mashariki kiasi cha nyuzi sita na nusu, nikishuka kusini kidogo.

Baba mdogo, mvuvi wa siku nyingi, alijilaza kando yangu.

“Ni hiyo ndogo, karibu na ukingo?”

“Ndiyo, baba. Mwanga huo umesafiri miaka 200 hivi.”

Hakunirudishia darubini mpaka nyota ilipoanza kuelekea magharibi.