Mti wa koneksini: yatima karudi kwao

Najenga mti wa ukoo wa koneksini, protini zinazounda vijia kati ya seli jirani, na jana usiku tawi moja lililopotea lilirudi mahali pake. Naandika haraka kabla sijaendesha programu tena na kuliharibu.

Nilikuwa na jeni 21 za binadamu, 20 za panya, na rundo la samaki pundamilia. Hao wana karibu maradufu ya zetu, kwa kuwa wahenga wao walirudufu jenomu nzima kwa mara ya tatu, juu ya zile mbili za kale. Koo za koneksini (GJA, GJB, GJC na GJD) zilijipanga bila vita. Shida ilikuwa mfuatano mmoja tu (herufi za amino asidi za protini) wa GJB, wa samaki wa spishi nyingine. Kila nikijenga mti, mfuatano huo unakimbilia kwa GJE1, jeni ya ukoo mwingine, kama yatima aliyeona shangazi.

Kwanza nililaumu mikia ya protini. GJA1 ina amino asidi 382, GJB2 ina 226, na tofauti kubwa iko mkiani, ambako kila jeni inajiendea kivyake. Nikakata mikia, nikakata na kitanzi cha ndani, nikabakiza vipande vinne vinavyopenya utando na vitanzi viwili vya nje. Butstrapu (alama za uhakika wa matawi) za wengine zikapanda. Yatima hakubanduka. Nikabadilisha modeli ya mageuzi. Nikaongeza papa, nao wakaja na matatizo yao, tuyaache.

Siku ya nne nikafungua mpangilio wenyewe, mifuatano yote ikiwa sambamba, kidole kwenye skrini, nikahesabu kama mtoto wa chekechea: sisteini (aina ya amino asidi), herufi 6, sisteini, herufi 3, sisteini. Ndivyo kitanzi cha kwanza cha nje kilivyo kwa karibu kila koneksini. Yatima wangu: sisteini moja, halafu vistari vitupu, yaani pengo. Programu ya kutabiri jeni ilikuta eneo limejaa N (herufi za DNA zisizojulikana), ikabuni introni (kipande kinachokatwa nje kabla protini haijaundwa) ili iliruke, na nusu ya kitanzi ikaenda nayo. GJE1 nayo ina sisteini 4 badala ya 6 kwenye vitanzi vyake, ila yake ni ya kweli. Mmoja kazaliwa na pengo, mwingine kang'olewa meno, na mti ukawaita ndugu!

Ningeshuku mapema. Koneksini nyingi zina eneo lote la kusimba ndani ya eksoni moja, kipande kisichokatwa na introni. Lakini GJD2 ina introni halali kabisa katikati, na mimi baada ya kuizoea hiyo nikaacha kushtuka.

Nikachukua jenomu mpya ya samaki huyohuyo, iliyosomwa kwa vipande virefu, nikaisaka kwa tblastn, programu ya kutafuta protini ndani ya DNA. Sisteini zote 6 zipo. MAFFT ya kupanga, IQ-TREE ya kujenga mti, nikaenda kulala; asubuhi yatima yuko katikati ya GJB.

MAFFT sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni kukata safu kwa programu bila kutazama: ushahidi wangu ulikuwa kwenye safu zenyewe, nami sikuzitazama. Na haya majina ya uzito wa molekuli! Cx ni koneksini, nambari ni uzito: Cx35 ya samaki ni jamaa ya Cx36 yetu (GJD2), ukiyafuata unapotea.

Wiki hii ilikuwa ya kuweka tarehe kwenye mti. Haitakuwa. Nikiwa kwenye GJD nimekumbuka seli ya Mauthner ya samaki wa dhahabu, seli kubwa ya neva ya kutorokea: kwenye sinapsi zake za umeme (viungo vya neva vinavyopitisha umeme moja kwa moja), Cx35 inakaa upande wa kupeleka ishara na Cx34.7 upande wa kupokea. Jamaa wawili wamegawana kuta za mlango mmoja! Nataka kuona ni herufi zipi za vitanzi vya nje zinazowatofautisha. Nimepakua mifuatano ya spishi saba, na wa tatu tayari ana vistari mahali pa sisteini.