Ratiba isiyo na masika

Agosti 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liliwekwa hapa Tanga, Chongoleani. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mafuta yafike 2020. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulikuja Februari 2022, na makadirio ya dola bilioni 3.5 yakawa yamepanda hadi kama 5. Si Tanga tu: jumba la opera la Sydney lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia, likafunguliwa 1973, miaka 10 nyuma ya ratiba, kwa milioni 102.

Ukiuliza kwa nini miradi huchelewa na kupanda bei, mtaani jibu ni moja: wamekula. Kula kupo, ila ratiba nyingi zinaharibikia mezani kabla hata senti haijatoka. Chukua barabara yenye hatua tano: fidia, vibali, vifaa kutoka bandarini, tuta (udongo ulioshindiliwa wa kubeba barabara), lami. Kila hatua ipe uwezekano wa 80% wa kwisha kwa wakati, na hapo umekuwa mkarimu. Zidisha zote tano: uwezekano wa zote kwisha kwa wakati ni 33%.

Tuta ndilo linaloumbua wapangaji. Masika ni Machi hadi Mei, na wao huondoa siku za mvua tu. Udongo wa mfinyanzi ukilowa, jua la siku moja halitoshi. Ukishindiliwa mbichi, kipimo cha mshindilio kinagoma kufika 95% ya kile cha maabara, tabaka linachimbuliwa, linatandazwa likauke, linashindiliwa upya. Mvua ya saa mbili inaweza kula siku nne.

Dawa ni kuuacha mchoro wako kando kwanza, uulize miradi ya aina hiyo iliyokwisha ilizidi bajeti kwa kiasi gani. Mwaka 2004 Bent Flyvbjerg, mtafiti wa miradi mikubwa, na wenzake waliiandalia Uingereza viwango: barabara, ongeza 15% kama unakubali nusu kwa nusu kwamba bajeti itazidi, au 32% ukitaka hatari hiyo ishuke hadi 20%. Reli ni 40% na 57%. Kwa hiyo barabara ya shilingi bilioni 40 iombewe 52.8. Ile 10% ya dharura tuliyozoea kuibandika mwisho wa BOQ (orodha ya kazi na bei zake) inatoa bilioni 4 tu.

Tahadhari: hizo bilioni 12.8 zikae kwa mwenye mradi, zisiingie kwenye bei ya mkataba. Mkandarasi akiziona, madai ya kazi za ziada yataanza kabla kifusi cha kwanza hakijamwagwa.